Shina Kwenye Glasi

Kuishi na mtu mwema kunachosha. Kanisani wanamsifu, msibani wanamtolea mfano, lakini hakuna anayeuliza hali ya yule anayelala naye nyumba moja. Mimi nimeishi na Consolata tangu nikiwa na meno yote, na nasema bila kuona haya: kama ningeoa mwanamke mwongo kidogo, mwongo wa kawaida tu kama mimi, leo ningekuwa natembea bila fimbo.

Asubuhi ilipoanzia habari hii nilikuwa jikoni, nimenyoosha mguu mbaya kuelekea motoni. Ulikuwa mwezi wa pili, na mvua ya Kitandililo mwezi huo haina adabu, inanyesha usiku kucha halafu inatuachia ukungu mpaka karibu saa sita. Consolata aliingia kutoka shambani akiwa na matope hadi magotini. Hakunisalimia. Mkononi alikuwa na shina moja la kiazi, majani yamelegea. Akapita moja kwa moja hadi sebuleni, akafungua kabati, akatoa glasi.

Nyumbani kwetu glasi ile haitoki ovyo. Ndiyo pekee iliyobaki kwenye seti tuliyozawadiwa siku ya harusi, na hutolewa akija padri au mgeni kutoka mbali. Nilipoiona mkononi mwake pamoja na lile shina, hamu ya uji ikaniisha.

"Mama Aneth," nikamwambia, "labda ni jua tu limeyapiga."

"Jua gani?" akaniuliza.

Nje hata banda la mbuzi lilikuwa halionekani kwa ukungu.

Akaijaza glasi maji safi, akakata shina kwa kisu karibu na mzizi, akalining'iniza kwa uzi wa kushonea hadi ncha ikazama kidogo. Kila mkulima wa mbegu za viazi huku kwetu anakijua kipimo hicho. Bwana shamba alitufundisha wote siku moja pale ofisi ya kijiji, tukacheka kwamba sasa tunanyonyesha viazi. Maji yakibaki safi, mmea una shida nyingine na unaweza kushukuru Mungu. Ukiona kitu cheupe kinachuruzika polepole kutoka pale palipokatwa, kama tone la maziwa linalovutika, huo ni mnyauko, na mnyauko hauna dawa. Unakaa kwenye udongo, unatembea na maji, unapanda jembe la jirani. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unajificha ndani ya kiazi cha mbegu ambacho kwa macho ni kizima kabisa. Anayekinunua anauingiza shambani kwake kwa mikono yake mwenyewe.

Tulikaa tukiitazama glasi kama watu wanaongoja majibu ya hospitali. Cheupe kikachuruzika.

Sasa nieleze viazi vile vilikuwa nini kwetu. Nilikuwa mpakiaji wa mbao Makambako, nikaanguka kutoka juu ya lori, nyonga ikavunjika na kuunga vibaya. Nilipofika hospitali ya Ikonda, kule Makete, daktari aliitazama picha, akasema mfupa unaweza kurekebishwa kwa upasuaji na nitatembea, ila nirudi nikiwa nimejiandaa. Tukakubaliana baada ya mavuno. Kujiandaa maana yake pesa, na pesa maana yake viazi. Hatuna ng'ombe, hatuna mtoto serikalini. Tulikuwa na lile shamba la mbegu, na Rabson, mnunuzi wa Makambako aliyekuwa akibeba mbegu za kikundi chetu chote na kuzipeleka mikoani, alikuwa anakuja wiki ile ile kuyaangalia mashamba.

"Vilivyonyauka viko wapi?" nikauliza.

"Kona ya chini, karibu na mfereji. Ni vichache."

"Basi ving'oe, vichome. Rabson akija mpitishe njia ya juu."

Consolata alikuwa bado anaitazama glasi.

"Atakayevipanda hivi ni nani, Baba Aneth?"

"Nitamjulia wapi?"

"Ndiyo maana ni rahisi kwako."

Hasira ikanipanda hadi masikioni. Nilikuwa sijalala, nyonga ilikuwa imeniamsha mara kwa mara usiku ule, na mwanamke huyu alikuwa anawahurumia watu asiowajua wakati mimi nimekaa mbele yake. Nikamwambia, "Wewe unafanya wema, mimi ndiye ninayechechemea. Ungekuwa unalipa mwenyewe, ningekupigia makofi."

Alilia akiwa amesimama, bila sauti, machozi tu yakishuka. Halafu akajifuta uso kwa kilemba, akaifunika glasi kwa kisosi mvua isiingie, akatoka nayo. Alikwenda kwa Anold, mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni kaka yake wa ukoo. Akiwa huko huko akampigia simu Rabson.

Nilidhani tutaumia sisi wawili peke yetu, na kwa hilo nilikuwa tayari kununa mpaka kufa. Lakini maneno yakisafiri hayabebi majina. Huko Makambako hakuna aliyesema shamba la Consolata lina mnyauko. Walisema mbegu za kule kwao zina mnyauko. Lori la Rabson likapita barabara kuu kwenda kununua kwingine, na watu ambao mashamba yao yalikuwa mazima kabisa wakabaki na mbegu zao mikononi. Wakazichemsha, wakazikaanga, wakazifanya mboga, mpaka watoto wakawa wanalia wakiiona sahani.

Anold alikuja nyumbani. Ni mtu mwenye maneno laini, hata akikasirika anaongea kama anabembeleza mtoto.

"Dada," alisema, "kuna ukweli wa kusema barabarani na kuna ukweli wa kumalizia nyumbani. Mimi uliniambia, sawa. Rabson ulimpigia ya nini?"

"Yeye ndiye mnunuzi, kaka."

"Tungepanga kwanza."

"Tungepanga nini?"

Anold akanigeukia mimi, kana kwamba nitajibu kwa niaba ya wenye akili. Nikainua mabega. Aliondoka bila kunywa chai, na kwa kaka kwenda kwa dada yake hiyo si dalili njema.

Jumapili katekista alihubiri juu ya ukweli, akamtaja Consolata kwa jina, waumini wakaitikia amina kwa nguvu. Nje, baada ya ibada, wale wale wakampa salamu ya "Kamwene" kwa ncha za vidole na kuharakisha kama wameacha chungu motoni. Kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walimbatiza jina: Mama Glasi. Nilikuwepo siku lilipozaliwa, nimekaa kwenye benchi na kikombe changu. Sikucheka sana, lakini pia sikunyanyuka.

Shamba letu likapigwa marufuku ya viazi kwa miaka. Consolata akapanda mahindi, na mahindi hayatoshi, kwa hiyo akaanza vibarua kwenye shamba la maparachichi la mtu wa Njombe mjini. Alikuwa anatoka na ukungu na kurudi jioni, anapika, anaosha, ananikanda nyonga kwa maji ya moto, na wakati mwingine usingizi ulimchukua kabla hajavua mabuti. Hakulalamika. Hilo nalo liliniudhi, maana angelalamika ningepata pa kuanzia.

Siku moja nilimuuliza, si kwa ubaya: "Huo ukweli wako, Mama Aneth, umekupa nini?"

Alifikiri muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. "Usingizi," akasema.

"Huo ni uchovu, si dhamiri."

Akacheka. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka. "Huenda," akasema, akavuta blanketi.

Binti yetu Aneth, ambaye ni fundi cherehani Njombe, alikuja kutuona akiwa na dawa ya kuchua na sukari. Alimtazama mama yake akitoka na jembe, akanigeukia.

"Baba, mama amechoka."

"Na mimi je?"

"Wewe unachoka umekaa."

Watoto wa siku hizi. Lakini aliniacha na lile neno, na nililala nalo, na niliamka nalo.

Mwaka uliofuata kikundi kilileta mbegu mpya, na mashamba yakasimama vizuri. Anold alikwenda Makambako mara nyingi kumbembeleza Rabson, mpaka siku moja Rabson akaja mwenyewe na kukaa nao ghalani. Alikuwa na yake ya kusema. Kule alikokwenda kununua mwaka wa shida, hakuna aliyemwambia kitu, na wateja wake walipanda mnyauko, wakamfuata hadi nyumbani kwake. Sasa hakuwa na hamu ya kusikia mtu akiapa. Akaweka sharti. Mashamba yote yapitiwe na yule mama aliyempigia simu kujichongea mwenyewe. Akisema yote ni safi, atabeba mizigo yote. Likionekana moja lina ugonjwa, anageuza lori, kwa sababu mfereji wao ni mmoja.

Basi wakaja nyumbani kwetu, wote, hata yule aliyelitunga lile jina. Walileta kuku. Walisema kila mmoja atatoa sehemu ya mzigo wake kama shukrani kwa Mama Aneth, na hiyo itanipeleka Ikonda.

Consolata aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Kwa hiyo sasa nibebe na mashamba yenu?" akauliza.

Yule kuku alikuwa anapiga kelele chini ya kiti.

"Haya," akasema.

Nakiri nilifurahi. Nilikaa pale nikijisikia mume wa mtu mkubwa. Nilijiambia, kumbe wema ni kama kupanda miti, unasubiri sana, halafu unavuna mbao. Nikaanza hata kuulizia usafiri wa kwenda Makete.

Alipita mashamba kwa siku kadhaa, mstari kwa mstari, kwenye mvua. Siku ya mwisho Rabson alikuwa tayari ameshafika na lori, amekaa ghalani anakunywa chai na wazee wa kikundi. Lilikuwa limebaki shamba la Anold tu. Consolata alirudi nyumbani mchana kupumzika kidogo, akajitupa kitandani na mabuti yake. "Niamshe nikamalizie kwa kaka," akaniambia, na kabla sijajibu alikuwa anakoroma.

Hapo ndipo Anold alipoingia kwa mlango wa nyuma.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene."

Akatazama mlango wa chumbani. "Amelala?"

"Kama gogo."

Akafungua koti. Ndani, akiwa amelizungushia gazeti, alikuwa na shina la kiazi. Majani yalikuwa yamelegea. Akaliweka mezani taratibu, akakaa, akaanza kuyasugua magoti yake.

"Umepima?" nikamuuliza.

"Sijapima."

"Kwa nini?"

"Nikipima nitajua, shemeji."

Nilimwelewa vizuri mno. Akasogeza kiti. "Ni vichache tu, pale kando ya mfereji. Nimeshaving'oa, nimefukia. Akipita hataona kitu. Ninachoomba, usimwamshe mapema. Mwache mpaka jioni, kisha mwambie nyonga inakuuma vibaya, apite njia ya juu aharakishe kurudi kwako. Anakupenda, atakusikia. Kuhusu Ikonda usiwe na wasiwasi. Nusu ya mzigo wangu ni wako, mbali na michango ya wengine. Kabla ya mwezi kuisha umelala kwenye kitanda cha hospitali."

Ni vichache. Ving'oe. Mpitishe njia ya juu. Yalikuwa maneno yangu yote, mtu amenirudishia kama nguo iliyofuliwa. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu Anold hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na kikundi kizima mgongoni. Na mimi nilikuwa naogopa pia. Nilijiona nikitembea hadi kilabuni mikono mitupu, nikipanda baiskeli, nikibeba ndoo ya maji ili Consolata asiibebe. Niliiona sana ile ndoo.

Nikachukua fimbo, nikaenda kabatini, nikatoa glasi.

"Ya nini hiyo?" Anold akanong'ona.

"Tujue wote."

Nilikata shina vibaya, ikabidi nikate tena. Nikalifunga uzi, nikalining'iniza. Tukainama wanaume wawili wazima juu ya glasi ya harusi, huku mwenye glasi akikoroma nyuma ya ukuta. Kwa muda maji yalikuwa safi. Nilisikia Anold akianza kupumua. Halafu cheupe kikachuruzika, chembamba, kikajikunja kikifika chini.

Anold akavua kofia.

Nisijipambe. Sikumfikiria mkulima wa mbali ambaye angepanda viazi vile, maana mpaka leo simjui. Wala sikukumbuka mahubiri. Nilimfikiria yule aliyelala. Nikimwamsha, atakuja na kuitazama glasi, atalia kwa namna yake ile akiwa amesimama, atajifuta kwa kilemba, na atatoka nayo. Hatauliza itagharimu nini. Watamwita Mama Glasi tena, na lori litageuka kwa jina lake tena, na jioni atanikanda nyonga kwa maji ya moto. Nisipomwamsha mpaka jioni, atapita njia ya juu kwa sababu ananipenda, na atatia jina lake juu ya uongo, yeye ambaye hana kitu kingine zaidi ya jina hilo. Kilabuni wanabishana kama wema unampa mtu nguvu au unamfunga kamba. Mimi nilikuwa najua jibu la nyumbani kwangu. Nguvu alikuwa nazo, nyingi, ila tulikuwa tunazila wote na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anazipika.

Nikaishika glasi.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Ghalani kwa Rabson."

"Mwamshe basi aseme yeye. Ndiyo kazi aliyopewa."

"Mwache alale."

"Na Ikonda?" Sauti yake ilikuwa imepanda, akajiziba mdomo na kutazama chumbani. "Shemeji, na mguu wako?"

"Ikonda haihami," nikamwambia.

Nilisema kama mwanaume, lakini nilipofika uani nilikuwa nalia, na sikuwa na mkono wa kujifuta. Mkono mmoja una fimbo, mwingine una glasi. Kisosi nilikisahau. Njia ya kwenda ghalani ni mteremko, matope yanateleza, na kila nikikanyaga na mguu mbaya maji yaliruka yakanilowesha mkono wa shati. Nilimwonea hasira Consolata, namna alivyoweza kutembea njia hii bila kumwaga. Nilimwonea hasira Mungu kidogo. Pale dukani watu waliokuwa wamekaa kwenye ngazi waliiona glasi, wakasimama mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenisalimia. Yule mtunga majina naye alikuwepo.

Mbele yangu nililiona paa la ghala na kichwa cha lori. Maji yalikuwa yamepungua, ncha ya shina inakaribia kuachwa juu. Nikasimama nipumue. Hapo nikasikia mabuti nyuma yangu, mazito, yanakimbia kwenye matope, na nilijua ni Anold kabla sijageuka. Nikaikumbatia glasi kifuani. Nilidhani amekuja kuinyang'anya na kuimwaga, na sikuwa na mguu wa kupigana naye.

Alisimama mbele yangu akihema, kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani. Alitazama ghala, akatazama watu wa dukani, akanitazama mimi.

"Lete hiyo glasi, shemeji," akasema. "Shamba ni langu. Na wewe utaimwaga."